Mkaguzi wa Mikanda

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu hapa Johannesburg ilikuwa kukataa. Nilikaa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha la karakana moja ya Doornfontein, ghorofa ya tatu, na wanawake waliokuwa wakishona waliniletea mikanda ya parachuti niiangalie. Nikiridhika niliigonga muhuri. Nisiporidhika niliikata katikati kwa mkasi mbele ya aliyeishona, ili asije akashawishika kuirudisha kesho yake akitumaini kwamba nimesahau. Sikupendwa sana, na sikumlaumu mtu.

Watu wakisikia hivyo hudhani nilikuwa mwanajeshi. Jeshi lilikuwa mbali sana na sisi. Jeshi lilikipa kazi kiwanda kikubwa, kiwanda kikubwa kikagawia kiwanda kidogo, kiwanda kidogo kikampa mzee wetu, na mzee wetu alikuwa na mashine kumi na mbili na chai ya bure. Tulishona mikanda tu, ile inayomzunguka askari mapajani na mabegani ili asichomoke kwenye parachuti yake akiwa hewani. Kitambaa chenyewe kilishonwa kwingine, na watu ambao hatukuwahi kuwaona. Katika miaka yote hiyo sikumwona askari hata mmoja akiruka. Niliwaona mara moja wakinunua kuku karibu na stesheni, na nilichotazama ni mishono ya mabegi yao.

Mwanzoni mimi pia nilikuwa mshonaji. Nilijifunza Tanga kwa shangazi yangu, aliyekuwa akishona sare za shule, na nilipofika hapa nikadhani mashine ni mashine. Mashine ya mikanda haina utani. Siku moja sindano ilipita kwenye vidole viwili vya mkono wangu wa kulia na kuvishona pamoja na mkanda, kwa mshono ambao mzee alikuja kuniambia baadaye kwamba ulikuwa umenyooka. Vidole vilipona vibaya. Tangu hapo siwezi kuongoza mkanda mzito chini ya sindano, kwa hiyo mzee akanipa kioo cha kukuzia, muhuri na kile kiti kirefu.

Mzee alikuwa mtu wa makamo yaliyopitiliza, mzungu wa hapa hapa, ambaye ujanani alikunja parachuti jeshini. Alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Kila aliyemaliza seti ya mikanda alitakiwa kuivaa mwenyewe na kuning'inizwa kwenye boriti ya katikati ya karakana kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Chai aliinywa mzee, na aliinywa polepole. Wanawake walizoea kuvaa suruali chini ya sketi zao, na wakiwa juu kule walizungumza habari za watoto na bei ya mafuta ya kupikia. Mama mmoja wa Kisotho, mwenye mwili, alikuwa na tabia ya kusinzia. Alipoteremshwa ndipo mkanda ulipokuja kwangu na kioo changu. Kwetu kuning'inia kulitangulia, macho yakafuata.

Kazi ilianza kupungua mwaka elfu mbili na kumi na saba. Magazeti yalisema fedha za jeshi zimepunguzwa, na sisi tulizijua habari hizo kwa njia yetu, maana biskuti za chai zilitoweka. Kisha maboksi ya mikanda yaliyokuwa yakiondoka kila wiki yakawa yanaondoka mara moja kwa mwezi. Kisha ikaja barua. Mzee aliisoma amesimama, akaikunja, akatutazama sote.

"Jeshi halitaruka mwaka huu," alisema.

Mama wa Kisotho aliuliza kama litaruka mwakani, na mzee akasema barua haikugusia mwakani.

Basi kulikuwa na mpango wa kuwasaidia wafanyakazi wa viwanda vya aina yetu wazoee hali mpya, na mpango huo ukatuletea mshauri. Alitoka Sandton kila Jumanne asubuhi, akapanda treni ile ya kasi kisha teksi, akiwa amebeba karatasi kubwa zilizoviringishwa na kalamu za rangi nyingi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye viatu vya heshima. Alijua Kiingereza, Kizulu, Kisotho na lugha nyingine mbili, lakini Kiswahili hapana. Na kati ya washonaji wetu kumi na wawili, watano walikuwa Wakongo na Warundi ambao Kiingereza chao kilikomea kwenye uzi, sindano na kesho. Aliuliza nani atawatafsiria. Nikasukumwa mbele.

Nilitafsiri kama nilivyokagua. Akisema neno mara mbili, nami nililisema mara mbili. Akikohoa nilinyamaza. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza, hata aliposema vitu ambavyo mtu mwenye huruma angevipunguza. Nilijivunia jambo hilo na sitakana.

Jumanne ya kwanza alichora duara kwa kila kazi iliyokuwa karakanani. Duara la kukata, duara la kushona, duara la kufungasha, duara la mzee. Yote aliyachora kwa mstari mzito wa buluu. La ukaguzi alilichora kwa nukta nukta. Nilimuuliza zile nukta maana yake nini. Akasema ni kazi ambazo mpango utaziangalia.

Niliwageukia wenzangu. "Hili la nukta nukta ni mimi," nikawaambia. "Anasema wataniangalia."

"Wakuangalie namna gani, yaya?" aliuliza Mama Pasta. "Uko mugonjwa?"

Mama Pasta alikuwa mke wa mchungaji, mtu wa Bukavu, na wote tulimwita hivyo, hata Wazulu. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao, kwa sababu mimi ni mkubwa kwake. Alikuwa mshonaji bora kuliko wote na pia alikuwa wa mwisho kuajiriwa, yeye na binti mmoja Mrundi, walioingia wiki ile ile. Nilikuwa nimemkatia mikanda mitatu tu tangu aje. Kwa wengine nilikuwa nimeacha kuhesabu.

Nilimwambia siumwi. Lakini nilikuwa nimeelewa kabla hata ya chai. Jeshi ndilo lililotaka muhuri. Bila muhuri wa mkaguzi, mkanda haukupokelewa, na kwa hiyo nilikaa kwenye kiti kirefu. Jeshi likiondoka, muhuri hauna wa kuutaka. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu na vidole vinane vinavyofaa. Niliogopa, nilirudi nyumbani Kensington nikiwa ninaogopa, na nilipika wali nikiwa ninaogopa. Ukaungua.

Mshauri alitupa fomu za kujaza sifa zetu, ili zitusaidie kutafuta kazi kwingine ikibidi. Yangu nilimpa binti yangu aijaze. Binti yangu alizaliwa hapa, anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Aliniuliza ujuzi wangu mkuu ni upi.

"Kukataa," nikasema.

Alinieleza kwamba hakuna mtu anayeajiriwa kwa kukataa. Nilimweleza kwamba mimi nimeajiriwa kwa kukataa muda wote tangu aanze shule ya msingi. Aliandika kwa muda mrefu, akajaza mistari minne, na nilipomwomba anisomee nikakuta ni kukataa kule kule kwa maneno mengi. Nikamshukuru. Ilionekana kazi kubwa.

Jumanne ya tano au ya sita mshauri alituambia kila mtu ataje kitu ambacho watu watakihitaji daima, hata nchi iwe na hali gani, ili tuone kama mashine zetu zinaweza kukishona. Watu walitaja mkate. Walitaja nywele, wakataja vocha za simu. Binti Mrundi alitaja amani, na mshauri akaandika amani ingawa alionekana hajui ataishonaje. Mama Pasta alinong'ona kitu. Niliona haya kukitafsiri, kisha nikakumbuka kwamba mimi sichagui.

"Anasema kufa," nikamwambia mshauri.

Mama Pasta alisimama akaeleza, nami nikawa ninamfuata sentensi kwa sentensi. Kwenye mazishi ya muumini mmoja wa kanisa lao, mkanda mmoja wa kushushia jeneza uliachia upande wa kichwani. Jeneza likatangulia kichwa, likasimama wima kaburini kama mtu anayetaka kutoka. Mumewe mchungaji alikuwa katikati ya sala. Mjane alicheka, akacheka sana, na kicheko kile kikawa kilio ambacho hakikunyamazishwa mpaka jioni. Mama Pasta alisema alikwenda kuuangalia ule mkanda baada ya watu kutawanyika. Ulikuwa umeshonwa mstari mmoja tu.

"Mstari moya!" alirudia, akainua kidole, akiwa na hasira ya kweli.

Mshauri aliandika KIFO kwenye karatasi kubwa kwa kalamu ya kijani. Kisha mzee, ambaye kwa kawaida alikaa nyuma bila kusema neno, aliuliza jeneza lina uzito gani.

Haikupita mwezi tukapata mteja, mwenye kampuni ya mazishi upande wa mashariki, bwana mnene wa sauti ya chini. Alitaka seti moja ya majaribio ya mikanda mitatu, wa kichwani, wa kiunoni na wa miguuni. Akiipenda angetupa kazi ya mwaka mzima, yake na ya wenzake wawili. Asipoipenda mzee angefunga. Mzee alituambia hivyo waziwazi, nami nikawaambia wengine hivyo hivyo. Mama Pasta ndiye aliyepewa kuishona.

Siku ya majaribio mteja alikuja na jeneza lake mwenyewe kwenye gari. Halikuingia kwenye lifti. Wanaume wanne walilipandisha kwa ngazi, na kila ghorofa milango ilifunguka kisha ikafungwa. Ghorofa ya pili kulikuwa na mafundi cherehani Wakongo wanaoshona majoho ya kwaya. Walizima mashine zao, wakavua kofia, wakaanza kuimba. Waliimba vizuri sana. Mmoja wao alitufuata mpaka juu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniuliza ni nani aliyefariki.

"Bado," nikamwambia. Aliniangalia vibaya akashuka.

Tulisogeza meza mbili ndefu za kukatia, tukaacha nafasi katikati ya upana wa kaburi, tukaweka mbao mbili na jeneza juu ya mbao. Mikanda ikapitishwa chini yake. Wanawake sita walipanda mezani kwa soksi, watatu kila upande. Mshauri, aliyekuja ingawa haikuwa Jumanne, alikuwa ameleta magunia ya unga wa mahindi ya kuweka ndani yawe uzito. Mzee aliyatazama magunia, akatikisa kichwa.

"Aliyeshona ndiye anayeingia," alisema. "Gunia haliogopi. Asiyeogopa hawezi kuniambia kitu."

Mteja alidhani anatania. Sisi tulijua hatanii. Nilimtafsiria Mama Pasta, ingawa alikuwa ameshaelewa.

"Yaya, mimi niko muke wa pasta," alisema. "Nikilala mule niko muzima, nitaelezea nini kanisa?"

Mzee aliwauliza wengine. Mama wa Kisotho alisema wazee wake waliotangulia wangemkasirikia. Wazulu wawili wakasema na wao vilevile. Binti Mrundi alikwenda chooni. Mshauri alianza kueleza kwamba kisheria, kwa mtazamo wa usalama kazini, na sikumaliza kumtafsiria kwa sababu nilikuwa ninavua viatu. Kwetu Waislamu mtu hazikwi na jeneza, anawekwa mchangani na sanda yake. Nilijiambia kwamba kwangu mimi lile ni sanduku tu. Hata hivyo nilisoma bismillahi, na nilipolala nikafumba macho, nikasoma nyingine.

Sikuwa na la kufanya mle ndani, basi nilifumbua macho nikakagua. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimebanwa kwa pini za karatasi. Mto ulikuwa umeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine. Nikawaza kwamba watu wengi wazuri wamelala hivi, na hakuna hata mmoja aliyepata nafasi ya kulalamika. Kisha mbao zikaondolewa nami nikaanza kushuka.

Nilishuka vizuri. Niliwaona wale sita juu yangu, midomo wameibana, mikono ikiachia mkanda kidogo kidogo, na sijawahi kushikwa na watu kwa uangalifu namna ile. Machozi yalinilengalenga, nikashangaa. Katikati ya safari, upande wa miguuni, kitu kiliachia. Ilikuwa kidogo sana, upana wa kidole. Miguu ilitangulia kichwa kwa kidole kimoja, kisha nikafika sakafuni salama.

"Sharp!" alisema mteja. "Sharp kabisa!" Akaanza kupiga makofi, mshauri naye akapiga.

Nilitoka, nikachukua kioo changu, nikapiga magoti kwenye mkanda wa miguuni. Kwenye kila kiungo tulishona mraba wenye msalaba ndani, mistari mitatu ya uzi wa nailoni. Uzi wa nailoni unang'aa ukiuelekeza dirishani. Mistari miwili iling'aa. Wa tatu ulikuwa umefifia, na mishono yake miwili ilikuwa imekatika. Ulikuwa uzi wa pamba. Nilimtazama Mama Pasta naye akatazama soksi zake. Uzi wa jeshi ulikuwa umekwisha, waliokuwa wakituletea walishaacha kuleta, na yeye alikuwa ameshuka ghorofa ya pili kuomba uzi wa majoho ili amalize kwa wakati.

Hakuna mwingine aliyeona. Mteja alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni. Mshauri aliinama karibu yangu akaona ninachokiona, kwa maana hakuwa mjinga.

"Mama," alininong'oneza, "atakayelala humo hataanguka kutoka angani. Ameshakufa."

"Waliosimama juu hawajafa," nikamjibu.

Ningependa kusema kwamba nilifikiri kwanza. Ningefikiri, ningekumbuka mashine kumi na mbili, na kwamba mkaguzi anayefunga karakana hana wa kumkagua. Sikufikiri. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye mkasi. Niliukata mkanda katikati mbele ya mteja, mbele ya mzee na mbele ya Mama Pasta, kama nilivyozoea. Sauti ya mkasi kwenye mkanda mpya ni kubwa kuliko mtu anavyodhani.

Mteja alivitazama vipande viwili. Alirudisha kalamu mfukoni. Kisha akauliza mwingine utakuwa tayari lini. Mzee alisema Jumatano. Mteja akasema Jumatano atakuja na kalamu yake, na akaagiza jeneza liachwe pale pale, kwa sababu vijana wake walikataa kulishusha ngazi na kulipandisha tena. Likakaa karakanani siku tano. Tuliweka juu yake vikombe.

Mzee alikwenda mwenyewe kutafuta uzi wa nailoni na akaupata. Mama Pasta alishona upya mikanda yote mitatu, sio ule mmoja tu, na hakusema nami chochote ila kwa mambo ya kazi. Jumatano niliingia tena, nikashuka sawasawa, kichwa na miguu pamoja, nikaigonga mikanda muhuri. Mteja akatia sahihi. Watu walikumbatiana. Mama Pasta alinifuata kwenye beseni la kunawia mikono.

"Yaya," alisema, "ungeniita kando."

Alikuwa na haki. Ningemwita kando, ningemwambia, ningeukata mkanda huko huko. Niliona aibu mpaka masikioni. Nilimwambia utaratibu ni utaratibu, nikaendelea kunawa.

Jumanne ya mwisho ya mpango ilikuja wiki tatu baadaye. Mshauri alitundika karatasi kubwa mpya ya maduara, safari hii bila nukta zozote, na nafasi yangu ilikuwa nyeupe. Alianza kwa kutusifu. Alisema tumevuka. Kisha akasema kanuni ya mpango ni kwamba wafanyakazi waamue wenyewe, kwa kuinua mikono, na kila mmoja awe ameelewa anachokiamua, na fomu ina mahali pa kuthibitisha hivyo, bila hivyo kura haihesabiwi. Baada ya hapo akasita, akanitazama.

"Pole, Mama," alisema. "Hakuna mwingine wa kutafsiri."

"Endelea," nikamwambia.

Aliendelea. Nikasimama mbele ya wale watano, nikawaambia kama alivyosema. Kwamba mikanda ya mazishi hailipi kama ya jeshi. Kwamba karakana haiwezi kumbeba mtu asiyeshona. Kwamba kazi ya ukaguzi ikibaki, wawili walioajiriwa mwisho watatoka. Ikiondoka, mashine zote zitabaki na kila mtu atajikagua mwenyewe, na kwamba wameshaonyesha wanaweza. Waliotaka ukaguzi uondoke wainue mikono. Mimi sikuwa na kura kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa swali.

Wawili walioajiriwa mwisho walikuwa binti Mrundi na Mama Pasta. Nadhani kila mtu alilijua hilo, lakini niliwataja, kwa sababu mshauri aliwataja.

Mikono ilianza kuinuka. Mama wa Kisotho aliinua huku akitazama dirishani. Wazulu wakainua. Binti Mrundi aliinua akiwa amefumba macho, machozi yanamtoka, ana mtoto mdogo na sikumlaumu hata chembe. Wakongo wakainua mmoja mmoja. Mzee alikuwa nyuma ameinamisha kichwa, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Ikabaki mikono miwili, na yote miwili ilikuwa ya Mama Pasta, ameikalia.

"Muulize kama ameelewa," alisema mshauri.

Nikamuuliza.

"Umwambie kama siyaelewa," akasema Mama Pasta.

Alikuwa ameelewa. Alikuwa akinitazama machoni, na mtu asiyeelewa hatazami hivyo. Nikamgeukia mshauri nikamwambia anasema hajaelewa, kwa sababu ndivyo alivyosema. Mshauri alikuwa mtu makini. Alianza upya tangu mwanzo, polepole zaidi, akachora duara langu kisha akalipiga mstari. Nikatafsiri. Nikaeleza kwa mara ya pili kwa nini sihitajiki, mpaka kwenye mstari.

"Siyaelewa," akasema Mama Pasta.

Mshauri alifikiri. Akatoa mfano wa timu ya mpira ambayo imejifunza kucheza vizuri kiasi kwamba haina haja tena ya mtu wa kusimama pembeni na kupiga kelele. Nikatafsiri mpira, pembeni na kelele.

"Siye hatuchezake mupira," akasema Mama Pasta.

Watu waliokuwa wameinua mikono walikuwa bado wameinua, na wengine waliitegemeza kwa mkono wa pili. Mshauri alifuta jasho, akageuza karatasi, akauliza kama ningeweza kumweleza kwa maneno rahisi kabisa, kama ninavyoona inafaa. Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi mitatu mtu kuniambia nichague maneno yangu. Nilikwenda mpaka mbele ya kiti chake. Nilitaka kumwambia nisamehe kwa ule mkanda. Nilitaka kumwambia kwamba tangu nije nchi hii hakuna mtu aliyewahi kukataa kwa ajili yangu kwa namna nzuri hivi.

"Mama Pasta," nikamwambia, "inua mkono. Nimechoka kujifukuza."

Akauinua. Mshauri akaniuliza nimemwambia nini hata akaelewa haraka hivyo, na nikamjibu kwamba nimetafsiri tu.